Binti anataka kwenda Kosta Rika kulinda kasa. Nimruhusu?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Mafia, naishi Houston na familia yangu. Binti yetu ana miaka 16. Shule yake inaandaa safari ya siku kumi na mbili kwenda Tortuguero, Kosta Rika, mwezi wa saba, wanafunzi wakasaidie kulinda kasa wanaopanda ufukweni kutaga. Gharama ni dola 3,400 bila nauli ya ndege. Mtoto hana mazungumzo mengine ila hayo. Baba yake anahofia usalama. Mama yangu, ambaye bado yuko Mafia, anacheka tu: anasema kasa wapo Juani, kisiwa kidogo cha hukohuko Mafia, sasa mjukuu wake anakwenda kulipia kitu ambacho yeye bibi amekiona tangu utotoni. Je, safari hizi zinamsaidia kasa kweli, au ni utalii uliopewa jina zuri? Na nimuulize nini mwandaaji kabla sijatoa hela?

Jibu: Dada yangu, ahsante kwa kuandika, na mama mfikishie shikamoo yangu. Kazi ya kasa nimeifanya miaka mingi, zaidi huku kwetu pwani, na misimu miwili niliifanya hukohuko Tortuguero. Mchanga wa pande zote mbili naujua kwa miguu.

Mruhusu aende, iwapo mwandaaji atakuridhisha kwa yale anayoyakataza. Nasema anayoyakataza kwa sababu ahadi zote hufanana. Kila kipeperushi kina picha ya mtoto wa kasa juu ya kiganja cha kijana anayecheka. Ukitaka kumjua anayemjali kasa na anayeuza picha, omba uone masharti. Simu haiendi ufukweni usiku. Tochi nyeupe haiwashwi. Kasa hasogelewi kabla hajaanza kutaga. Wageni hawashikishwi watoto wa kasa ili wapigwe picha. Safari isiyo na masharti hayo usiilipie, hata iwe rahisi namna gani.

Kila katazo lina sababu yake, na binti yako akizielewa kabla ya kuondoka atafaidi mara mbili. Kasa wa kawaida, huyu aliye mwingi Tortuguero kama alivyo mwingi Mafia, ana uzito wa kilo mia moja na zaidi. Majini ni mwepesi kama ndege. Nchi kavu anajikokota, anavuta hatua chache, anatulia, anapumua kwa nguvu, anavuta tena. Akiona mwanga mbele yake au mtu amesimama, hugeuka na kurudi baharini na mayai yake tumboni, na usiku ule juhudi yake yote imepotea. Ndiyo maana walinzi hutembea karibu na maji kwa nguo nyeusi, wakitafuta njia aliyopita. Njia yenyewe huwezi kuikosa, utadhani trekta dogo limetoka baharini.

Akifika juu ya mstari wa maji kujaa anajichimbia kwanza shimo la kulaza mwili, mchanga unaruka huku na huku. Halafu mapezi ya nyuma yanashika zamu, na hapo ndipo penye jambo ambalo nikiliona hata leo nakaa kimya. Kiongozi akikuruhusu, unalala kifudifudi nyuma yake, taa nyekundu imefifia. Pezi moja linajikunja kama kiganja kinachoteka unga, linashuka shimoni bila yeye mwenyewe kuona anachokifanya, linachota mchanga, linaupandisha polepole usimwagike, linauweka kando. Pezi la pili linapangusa ukingo. Kisha linashuka hilo la pili, na la kwanza linapangusa. Hivyo hivyo, zamu kwa zamu, mpaka pezi halifiki tena chini. Yakianza mayai, yanadondoka mawili, matatu, yameloa ute, meupe na mviringo kama mpira wa tenisi ya mezani, mpaka yafike mia moja au zaidi ya hapo. Katika dakika hizo chache kasa huwa kama amejizamia ndani. Hajali sana yanayoendelea nyuma yake. Ndizo dakika ambazo mtafiti hupima gamba kwa futi laini kama ya fundi cherehani na kuangalia kama pezini kuna kibati chenye namba. Kama hakuna, atamfunga kimoja. Mweleze binti pia kuhusu machozi. Kasa hutoa chumvi ya mwili kwa njia ya macho, wala halii kwa uchungu. Watoto wengi huliwaza hilo usiku kucha.

Kijana wa miaka 16 hafungi vibati. Kazi yake halali ni kuandika namba kwenye daftari, kuhesabu mayai kwa kibonyezo mkononi, kushika ncha ya futi, na kutembea. Ukiambiwa kwamba siku ya pili tu wanafunzi "watashiriki kikamilifu utafiti", uliza watashika nini hasa, na nani atakuwa amewasimamia.

Sasa swali lako kubwa. Sitakuficha: binti yako kwa mikono yake miwili, kwa siku kumi na mbili, hatamwokoa kasa hata mmoja ambaye walinzi wa pale wasingemwokoa bila yeye. Faida ya safari iko mahali pengine, na Tortuguero ndipo pazuri pa kuiona.

Miaka ya 1950, mwanabiolojia wa Kimarekani Archie Carr alipoanza kazi pale, ufuo ulikuwa umegawanywa vipande, na kila kipande kina mtu wake. Kazi ya mtu huyo ilikuwa kumgeuza kasa chali usiku, amwache hivyo mpaka chombo cha mnunuzi kije. Kasa akiwa chali hawezi kujigeuza. Wengi waliishia kuwa supu katika nchi za mbali. Mwaka 1959 kikaundwa chama cha kuunga mkono kazi ya Carr, ndicho leo kinachoitwa Sea Turtle Conservancy, na mwaka 1975 eneo likawa hifadhi ya taifa. Viota vimehesabiwa tangu 1971. Watafiti walipolinganisha mpaka mwaka 2003 walikadiria ongezeko la asilimia 417, na wastani wa viota zaidi ya laki moja kwa mwaka.

Sheria pekee haikuleta hayo. Kijiji cha Tortuguero hakina barabara. Unafika kwa boti kupitia mifereji ya msituni au kwa ndege ndogo. Familia zilizokula kwa kasa zilihitaji kula kwa njia nyingine, na njia ikawa mgeni: wa kulala, wa kula, wa kupanda boti, wa kuongozwa usiku. Kasa aliyegeuzwa chali aliuzwa mara moja. Aliyeachwa atage hurudi ufuo uleule baada ya siku kumi na mbili hivi, mara kadhaa kwa msimu, kisha baada ya miaka miwili, mitatu au zaidi anarudi tena, na kila akija kuna mtu kijijini anayepata riziki kwa yeye kuwa hai. Hapo ndipo dola zako zinaingia. Kwa hiyo muulize mwandaaji: katika hizo 3,400, ngapi zinabaki kijijini? Kiongozi wa usiku ni mwenyeji? Mpishi je? Nyumba ya kulala ni ya nani? Kituo cha utafiti kinalipwa kiasi gani kwa kila mwanafunzi? Mwandaaji mwaminifu ana majibu hayo kwenye karatasi. Asiye nayo atakueleza habari za kubadilisha maisha ya mtoto wako.

Nikuonye pia usije ukamlea binti katika hadithi ya ushindi uliokwisha. Mwezi wa kumi 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, lilimtoa kasa wa kawaida kwenye orodha ya walio hatarini, kwa hesabu ya dunia nzima, na wengi wetu tulifurahi sana. Lakini Tortuguero kwenyewe, watafiti walichapisha mwaka 2023 kwamba idadi ya viota imeanza kushuka tena. Na noa, yule kasa mkubwa kuliko wote, asiye na gamba gumu, hali yake upande wa Pasifiki wa nchi hiyohiyo inasikitisha: wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1980. Watoto wa miaka 16 wanaweza kubeba habari mbili kwa pamoja. Wasifichwe.

Kuna jambo nililoliona ambalo linanifanya niwe mkali hivi. Katika pwani moja, mradi mmoja ambao sitautaja ulikuwa na wageni waliolipa kuona watoto wa kasa wakiachiwa. Walikuwa wameanguliwa usiku wa manane. Wakawekwa kwenye beseni la plastiki mpaka saa kumi jioni ya siku ya pili, jua likiwa zuri kwa picha. Mtoto wa kasa anatoka kiotoni na akiba ndogo ya nguvu aliyoachiwa na kiini cha yai, na akiba hiyo ni ya kupigia mbizi usiku ule na siku zinazofuata mpaka afike maji makuu. Hawa waliitumia yote kuparura ukuta wa beseni. Walipowekwa mchangani wengine walitembea hatua tatu wakalala, ndege wakiwazunguka juu. Wageni walipiga makofi, hawakuambiwa. Nilikuwepo, na sikusema kitu kwa wakati. Jambo hilo limenikaa. Kwa hiyo uliza wazi: watoto wa kasa wakitoka usiku, mnawafanyia nini? Jibu sahihi ni kwamba wanatembea wenyewe hadi majini, gizani, saa ileile. Na mayai je, yanahamishwa? Yanahamishwa tu pale kiota kingezolewa na maji au kuibiwa, tena ndani ya saa chache za kwanza. Baadaye kijusi huwa kimeshikamana na ganda, na ukiligeuza yai unakiua.

Hili linanileta kwenye kalenda. Mwezi wa saba Tortuguero ni mwanzo wa msimu wa kasa wa kawaida. Kilele ni mwezi wa nane na wa tisa. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Kwa hiyo anayekuahidi Julai mamia ya watoto wa kasa wa kawaida wakikimbilia baharini hakusema kweli. Wanaoanguliwa wakati huo ni wa noa, ambao hutaga kuanzia Machi hadi Juni, nao si wengi. Upande wa Pasifiki kuna kigome, aina nyingine ya kasa, na mambo yake ni mengine, lakini binti yako haendi huko.

Mwandae kwa usiku wenyewe. Doria ni saa tatu, nne za kutembea kwenye mchanga mweusi laini unaomeza mguu, mara nyingi mvuani, bila kuzungumza kwa sauti. Pale hunyesha zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka. Usiku mwingine watakutana na kasa wanne, usiku mwingine hakuna, wanarudi na soksi zilizolowa. Mchana kuna kuokota plastiki, na kuna kufukua viota vilivyokwisha kuanguliwa ili kuhesabu maganda, mayai viza na waliokufa humo ndani. Kunanuka, kuna funza. Ndiyo kazi inayowaambia watafiti kiota kimefaulu kiasi gani, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfunza kijana zaidi kuliko usiku wa kasa mkubwa. Anaweza pia kukuta mzoga wa kasa aliyeuawa na chui wa huko, jagwa, maana msitu unafika mpaka ufukweni. Hilo ni la asili yao, asililie.

Baba yake ana haki ya kuhofia, na nisingependa mtu amcheke. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2013, Jairo Mora Sandoval, kijana wa Kikosta Rika wa miaka 26, aliuawa katika ufuo wa Moín, karibu na mji wa Limón, akilinda viota vya noa. Wanawake wanne wageni waliokuwa naye kwa kujitolea walitekwa, wakafanikiwa kutoroka. Moín iko kusini ya Tortuguero, ni ufuo mwingine wenye mazingira mengine, jirani na bandari. Tortuguero ni hifadhi yenye askari na kijiji kinachoishi kwa kasa. Tofauti ni kubwa, lakini mkoa ni mmoja, na wezi wa mayai hawajaisha. Kwa hiyo taka jina la ufuo na jina la kituo; "pwani ya Karibi" halitoshi. Uliza mkikutana na majangili kuna utaratibu gani. Jibu ninalolitaka mimi ni fupi: wanafunzi wanageuka na kuondoka, kiongozi anawaarifu askari, hakuna mtoto anayemulika wala kubishana na mtu. Ukisikia neno lolote la ushujaa, mbakishe mtoto nyumbani.

Tena hatari iliyo karibu zaidi kuliko jangili ni bahari yenyewe. Maji ya Tortuguero yana mikondo mikali, si pa kuogelea, na mtoto wa Houston aliyezoea bwawa hatajua. Liwe sharti la maandishi kwamba hakuna kuogelea baharini, na awepo mtu mzima mmoja wa kike anayelala jengo moja na wasichana. Uliza kama walimu na viongozi wamechunguzwa rekodi zao. Muulize daktari wenu kuhusu dengi na malaria kwa mkoa wa Limón, na uulizie boti inachukua muda gani kumfikisha mgonjwa hospitali. Kama binti bado anasafiria pasipoti ya Tanzania, suala la viza mlimalize na ubalozi mapema, na kama mtakuwa mmepitia Afrika karibuni, ulizieni cheti cha homa ya manjano. Barua ya idhini ya wazazi wote wawili, iliyothibitishwa na wakili, iwe ndani ya begi lake.

Vitu vya kubeba si vingi: suruali na shati refu la rangi nyeusi au ya kahawia iliyokolea, koti la mvua zuri (hapa usibane pesa), viatu vya kufunika mguu, soksi nyingi, tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu. Dawa ya mbu apake kabla, na mikono aioshe kabla ya kwenda ufukweni, kwa sababu kemikali hizo hazitakiwi kugusa mayai wala ngozi ya kasa. Kama mnakula halali, mwambie mpishi mapema. Hatapata shida sana. Kwenye pwani ile watu weusi wenye asili ya visiwa vya Karibi hupika wali na maharage kwa tui la nazi, na mara ya kwanza nilipouonja nilikaa na sahani yangu nikimkumbuka marehemu mama.

Na sasa nimjibu bibi, maana hoja yake ni nzito. Ni kweli, Juani wapo. Tangu 2001 Sea Sense, shirika la Tanzania la kuhifadhi viumbe wa bahari, limefanya kazi Mafia na wanavijiji wenyewe, anayekiona kiota na kukitolea taarifa analipwa, na analipwa zaidi wakianguliwa salama. Wageni wanaokwenda kuangalia viota vikianguliwa hulipa, na sehemu ya hela hubaki kijijini. Miezi yake mizuri ni Juni hadi Septemba, yaani likizo ileile ya binti yako. Mngeniuliza kabla mtoto hajachagua, ningesema mpelekeni kwa bibi yake kwanza, kwa sababu kule angeielewa lugha ya walinzi, angeketi na wavuvi waliokuwa wakila kasa na kusikia kwa vinywa vyao kwa nini waliacha, au kwa nini wengine hawajaacha. Mazungumzo ya namna hiyo Tortuguero yatamfikia kwa Kihispania na mkalimani.

Lakini amekwisha kuchagua, yuko na wenzake, na hamu ya miaka 16 haipatikani tena ukiizima. Mpeni Kosta Rika mwaka huu. Kabla hajaondoka, apige simu Mafia, bibi amweleze mwenyewe: ng'amba, wale kasa wa magamba ya thamani, walikuwa wakinaswa vipi, magamba yaliuzwa kwa nani, nyama iligawanywaje, na lini yeye mara ya mwisho aliona noa. Ayaandike. Hao kasa hawana pasipoti, na maswali atakayowauliza viongozi wa Tortuguero yatakuwa ya mtu anayetoka kwenye watu wa kasa, si ya mgeni mtupu.

Mtumie mwandaaji maswali yote niliyoyataja, kwa maandishi. Majibu yakija nitumie, nitayasoma nikuambie ninavyoyaona kabla hujalipa.